Kwa Nini Apimwe Mke Peke Yake?

Mwenye kutaka kujua jinsi sisi watu wa Pwani tulivyotapakaa, na afike Lokichoggio. Mji huo uko katika pembe ya kaskazini magharibi ya Kenya, hatua chache kabla ya mpaka wa Sudan Kusini, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Mombasa kwa barabara. Hata hivyo humo utamkuta mtu wa Majengo akifungua injini ya lori, na mtu wa Lamu akipima sukari dukani. Wengi walifuata kazi baada ya mwaka 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha mpango wa kupeleka chakula kusini mwa Sudan, na kiwanja cha ndege cha Loki, kama wenyeji wanavyoufupisha mji wao, kikawa hakijui usiku wala mchana. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa sahihi Januari 2005, ndege zilipungua na mahema yakakunjwa mojamoja. Lakini malori ya kwenda Juba hayakukoma, na lori lisiloharibika halijaundwa bado.

Katika mafundi wa malori hayo yumo mtoto wa ndugu yangu. Mke tulimwoza kutoka Kisauni, binti wa watu wenye heshima zao, akamfuata mumewe kwenye jua lile bila ya kunung'unika. Huu ni mwaka wa saba, na hawajajaaliwa mtoto. Wameniruhusu kuyaeleza mambo yao madamu sitawataja majina. Nami nayaeleza si kwa kuwa ni ya ajabu, bali kwa kuwa ni ya kawaida mno, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wa waliofanya makosa ndani yake.

Makosa yangu ni haya. Nilikwenda kuwatembelea. Usiku tukiwa uani tunapunga upepo, mama yake kijana akiwa amekwisha kunituma, nikamwita kando nikamwambia: "Mwanangu, sheria imekuruhusu. Ongeza wa pili, pengine kheri iko huko." Nilidhani nimesema kwa sauti ya chini. Asubuhi mke alipoleta chai alisimama na birika mkononi, akaniambia kwa adabu zote: "Ami, na huyo wa pili naye akikaa miaka saba, mutamtafutia wa tatu?"

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu pale, na mpaka ninapanda gari kurudi Lodwar bado sikuwa nalo. Njiani ndipo nilipojiuliza swali ambalo ukoo mzima haukuwahi kujiuliza: hivi huyu kijana wetu naye amewahi kupimwa?

Hebu tumtazame kwanza mke amepita wapi. Alianza na dawa za chango, zilizofungwa Mombasa na mama mkwe na kusafirishwa kwa basi. Zikafuata hirizi. Likafuata kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani na kuoshwa kwa marashi. Nalo alilinywa siku saba. Mimi silidharau kombe, wala sitaki mtu aseme nimeidharau Qurani. Nauliza tu kwa nini hata kombe lilinywewa na mke peke yake. Baadaye akaja mtu aliyesema ana jini mahaba, akafukizwa mpaka macho yakamvimba. Jirani yake Mturkana, mama mwenye shanga zilizojaa shingo, akamhurumia akataka kumpeleka kwa emuron, mganga wao, ili amwombee kwa Akuj. Ndilo jina la Mungu kwa Kiturkana. Hapo alikataa, lakini alikataa huku akilia, kwani jirani yule alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza hali yake kabla ya kumwuliza tumbo lake.

Kisha zikaja hospitali. Alitolewa damu mara nne. Alipigwa picha ya tumbo kwa altrasaundi, moja, ya pili, ya tatu, kila moja mahali pake na kila mahali pakidai kuanza upya. Alisafiri hadi mji mkubwa kupigwa eksirei ya mirija ya uzazi, ile ambayo dawa maalumu husukumwa ndani ya mji wa mimba na kutazamwa kama inapita. Kipimo hicho kina maumivu, na waliopitia wanajua. Ikaonekana inapita. Akaambiwa hana kasoro. Akarudi nyumbani na karatasi iliyosema hana kasoro, na bado akaitwa tasa.

Je, mume alikuwa wapi muda wote huo? Alikuwa naye. Hatumwachi mke asafiri peke yake mwendo wa siku nzima. Hilo dini imetufundisha na tunalishika. Basi mume alimsindikiza. Alipanda naye gari, akamlipia, akamshikia mkoba, na mlangoni kwa daktari akakaa kwenye benchi. Kila hospitali ina benchi hilo. Ukipita mbele yake utaona wanaume wamekaa na simu zao, kila mmoja akimngoja mkewe atoke na habari. Mtu amesafiri kilomita mia mbili na zaidi kutoka Loki hadi Lodwar kwa ajili ya uzazi, na zile hatua kumi za kutoka benchini hadi maabara zikamshinda. Wala sitamlaumu yeye peke yake: katika miaka yote hiyo hakuna daktari hata mmoja aliyetoka nje akamwambia, "Na wewe, bwana, ingia."

Waganga wa zama hizi wanasema wazi. Mke na mume wakikaa pamoja mwaka mzima bila ya kuzuia uzazi na mimba isishike, wote wawili hupimwa, na hupimwa kwa wakati mmoja. Ikiwa mke amepita umri wa miaka 35, wasingoje mwaka. Miezi sita inatosha. Katika watu 100 walioowana wenye afya, kiasi cha 85 hupata mimba ndani ya mwaka, kwa hiyo mwaka si muda wa pupa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Na karibu nusu ya mashauri haya, upande wa mume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mke. Nusu! Lakini ukisikiliza mazungumzo ya barazani utadhani ni kwa upande wa wanawake tu Mwenyezi Mungu alikoweka maradhi ya uzazi.

Nimefikiri sana sababu, na naona lugha yetu wenyewe imetupotosha. Neno tasa tumelifanya gauni, linavaliwa na wanawake. Mwanamume asiye na mtoto tunamwita mgumba, tena kwa kumwonea huruma, kama aliyefiwa. Na tukitaka kumtia mwanamume aibu tunamwita hanithi, au tunasema jogoo wake hapandi mtungi. Sasa angalia: hanithi ni mambo ya nguvu za unyumba, ugumba ni mambo ya mbegu, na hivi ni vitu viwili mbali mbali. Mtu anaweza kuwa na nguvu za simba na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Rangi ni ile ile, kiasi ni kile kile, kwa jicho huwezi kutofautisha. Kijana wetu alipoambiwa mara ya kwanza habari ya kupimwa alijibu kwa hasira, "Mimi sina tatizo, mwulizeni yeye." Alisema kweli kwa kadiri ya alivyofahamu. Jogoo wake anawika. Hakuna aliyemfundisha kwamba kuwika si kutaga.

Nimelitaja neno manii na naona wengine wamekunja uso. Lakini neno hili tumelisoma chuoni tukiwa na umri wa miaka kumi, mwalimu akiwa na bakora mkononi, katika mlango wa josho la janaba. Dini yetu haikuona haya kulieleza, ikatufundisha mpaka namna ya kulitofautisha na madhii na wadii. Ajabu ni kwamba mtoto wa chuoni analijua, na mtu mzima mwenye ndevu anashindwa kulitamka mbele ya daktari.

Na maadamu tumeingia kwenye dini, tumkumbuke Nabii Zakaria. Kisa chake kimo katika Sura ya Maryam, na kila anayetafuta mtoto amewahi kuombewa kwa dua yake. Lakini tumewahi kuitazama imepangwaje? Alipomlalamikia Mola wake, alianza na mwili wake mwenyewe. Alitaja kwanza mifupa yake iliyodhoofika na kichwa chake kilichojaa mvi, ndipo akafikia kumtaja mkewe kuwa hazai. Mtume wa Mungu alijihesabu yeye kwanza. Sisi tunaipenda dua tukaiacha adabu yake. Na katika Sura ya Ash-Shura tumeelezwa kwamba mabinti na wavulana ni tunu, anapewa anayetakiwa apewe, na kwamba wapo wanaokadiriwa wasipate. Hapo hapakutajwa kuwa wasiopata ni wanawake.

Mama Aisha, Mungu amwie radhi, hakuzaa. Aliitwa Ummu Abdillahi kwa jina la mtoto wa dada yake. Hatukusikia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpunguzia mapenzi kwa hilo, wala aliyepata kumwita kwa jina baya. Umma mzima unamwita Mama.

Sasa nikieleze kipimo chenyewe, kwani kisichojulikana ndicho hutisha. Mume hukaa bila ya kukutana na mkewe kwa siku zisizopungua mbili wala kuzidi saba. Hupewa kikopo safi chenye mdomo mpana. Manii hutiwa humo yote. Tone la kwanza likimwagika aseme, kwani sehemu ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Asitumie sabuni wala mafuta, wala mpira wa kawaida wa dukani, maana mpira huo huweza kuziua mbegu. Kikopo kiwekwe karibu na mwili kisipoe, wala kisiachwe juani. Maabara huyaacha yayeyuke kwa kiasi cha nusu saa, kisha tone huwekwa kwenye kioo chini ya hadubini, na fundi huhesabu: ngapi zipo, ngapi zinakwenda, ngapi zina umbo la sawa. Hakuna sindano, hakuna kisu, hakuna maumivu. Kulinganisha na ile eksirei ya mirija, hili ni jambo la kuazima chumvi kwa jirani.

Matokeo nayo yana lugha yake, na asiyeijua hupata mshtuko wa bure. Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, mililita moja ikiwa na mbegu milioni 16 au zaidi inahesabiwa iko ndani ya kawaida. Na katika mbegu 100, zikiwa nne tu zina umbo kamili, hiyo pia ni kawaida. Wanaume wengi wakiona "nne kwa mia" hudhani wamekwisha. Hawakwisha. Ndivyo tulivyoumbwa sote, mbegu nyingi ni za kupotea njiani. Hata mtu aliyekosa kufika kwenye mizani hiyo hajanyimwa mtoto kwa hilo pekee. Safari yake huweza kuwa ndefu zaidi tu.

Lipo sharti moja la kipimo hiki ambalo mtu wa Loki hana budi kulielewa. Kikopo lazima kifike maabara ndani ya saa moja. Damu huweza kufungwa kwenye barafu ikapelekwa mbali. Manii hayatumwi. Kutoka Loki mpaka Kakuma ni kilomita 95 hivi, na kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni 120 nyingine. Kwa hiyo kama maabara ya karibu haifanyi kipimo hicho, hakuna utingo wa kumpa kikopo, hakuna kumtuma mke. Mwenyewe lazima asafiri, akae mjini, akabidhi mwenyewe. Nadhani hapa ndipo penye siri ya mambo yote. Maradhi ya mke tunaweza kuyatuma kwa basi kama kifurushi cha dawa za chango. Kipimo cha mume kinamtaka mume.

Na mji wa Loki haukuwa mgeni wa hospitali. Mwaka 1987 Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilifungua hospitali ya upasuaji pale Lopiding, kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Ikakua mpaka ikawa na mamia ya vitanda, ikatajwa miongoni mwa hospitali kubwa za vita duniani. Watu walishushwa kwa ndege na risasi mwilini, wakaondoka kwa miguu ya kuundwa pale pale. Mwaka 2006 ilikabidhiwa serikali ya Kenya. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba jangwa si udhuru. Palipoonekana haja, vyumba vya upasuaji vilisimamishwa katikati ya mchanga. Haja ya mke na mume wasio na mtoto haipigi kelele. Haishuki kwa ndege. Hukaa chumbani usiku na kujifunika shuka. Hadubini na mtu aliyefundishwa kuhesabu mbegu ni vitu vidogo, na serikali za kaunti, si Turkana tu bali hata kwetu Kwale na Lamu na Mto Tana, zingefanya jambo la maana kuhakikisha kila hospitali kubwa ya wilaya inacho kipimo hiki, na kwamba karatasi ya mke haiandikwi mpaka ya mume nayo iandikwe.

Wapo watakaosema haya ni ya Waswahili waliokwenda mbali, Waturkana hawana shida hiyo. Si kweli. Mturkana hutoa ng'ombe, ngamia na mbuzi wengi kwa kuoa, na mifugo hiyo huchangwa na ndugu na marafiki wengi. Mtoto asipokuja, wote waliochanga wana la kuuliza, na wanamwuliza mwanamke. Jirani yule wa shanga alimwambia mke wetu kwamba yeye mwenyewe alichelewa kuzaa miaka mitatu, na katika miaka hiyo hapakuwa na aliyemtazama mumewe hata kwa kukosea.

Turudi kwenye pingamizi za wenzetu, kwani nimezisikia zote, na nyingine zilitoka kinywani mwangu.

Ya kwanza ni namna ya kuyapata hayo manii. Kijana aliniuliza kwa simu, sauti imemkauka, kama si haramu. Nikampeleka kwa mwenye elimu kuliko mimi, na jibu alilopata ndilo walilolitoa wanavyuoni wengi wa zama zetu: kwa ajili ya tiba inaruhusiwa, na iliyo bora ni mke amsaidie mumewe, faragha yao wawili. Tena wanavyuoni hawa hawakungoja sisi tuamke. Mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya tumbo alizaliwa Uingereza mwezi wa Julai 1978. Haikupita miaka miwili, tarehe 23 Machi 1980, Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq, aliyekuja kuwa Sheikh wa Azhar, alitoa fatwa kwamba njia hiyo inaruhusiwa ikiwa mbegu ni za mume na mke waliomo katika ndoa, na hapana mtu wa tatu aliyeingizwa baina yao. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006, mjini Nairobi. Basi ikiwa hilo kubwa limepatiwa hukumu muda mrefu hivyo, sisi tumekwama wapi kwenye kikopo? Kitu cha kuangalia ni Ramadhani tu: vipimo hivi vipangwe nje ya mchana wa saumu, na mambo yatakuwa mepesi kwa wote wawili.

Ya pili ni hofu, na hii ndiyo ya kweli. Je, nikionekana ni mimi? Nataka kuijibu kwa upole maana najua uzito wake. Kwanza, nyingi ya kasoro za mume si mwisho wa habari. Ipo mishipa inayovimba juu ya korodani, nayo hupasuliwa. Yapo maradhi ya zinaa yaliyofichika, nayo hutibiwa kwa vidonge, ila watibiwe wote wawili. Akitibiwa mmoja ni kuteka maji kwa pakacha. Kuna tumbaku, na hiyo mtu aiache. Kuna joto: fundi anayelala chini ya injini iliyowaka moto, katika nchi ambayo hata kivulini mtu hutoka jasho, ana haki ya kumwuliza daktari. Aliyepata matubwitubwi akiwa mkubwa naye aseme, kwani ugonjwa ule huweza kushuka chini ukadhuru. Pili, hata ikiwa ni kasoro isiyo na dawa, mtu huyo amepata kujua. Asiyejua ataoa wa pili na wa tatu, na kila mmoja atabeba jina ambalo si lake.

Nakumbuka katika historia yetu ya Afrika ya Mashariki, serikali za kikoloni zilivyohangaika juu ya uchache wa watoto Buganda na Buhaya katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Kaswende na kisonono ndivyo vilivyotajwa sana, na wanawake ndio walionyooshewa kidole kuliko wote. Lakini maradhi hayo husafiri na wenye kusafiri, na katika zama hizo waliosafiri kwenda vitani, mashambani na kwenye mizigo ya wageni walikuwa wengi wao wanaume. Waliyarudisha nyumbani, mirija ya wake zao ikaziba, kisha wakaulizwa wake kwa nini hawazai.

Ya tatu ni mama. Sisemi zaidi. Kila mwanamume anayesoma ukurasa huu anajua nasema nini.

Kijana alikwenda. Haikuwa kwa hoja zangu. Ilikuwa ni mke aliyemwambia usiku mmoja kwamba yeye hataki tena sindano hata moja mpaka waingie wote wawili, na kama ni talaka basi na iwe talaka, lakini aiandike mtu aliyepimwa. Walikwenda pamoja mwezi wa Rajabu. Safari hii mke ndiye aliyekaa kwenye benchi.

Jibu likaja pungufu. Mbegu zilikuwapo, lakini chini ya mizani, na nyingi zilikuwa zimelala. Aliniambia kwamba alipoisoma karatasi ile aliona kama jengo linamwangukia. Daktari, na safari hii alikuwa daktari mwenye kuuliza, akamwuliza kama ameugua karibuni. Ndiyo: mwisho wa Mfungo Nane alilala siku tisa na malaria, homa kali, mpaka alipoteza fahamu usiku mmoja. Akaelezwa kwamba mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kuumbika na kukomaa, na homa kubwa huweza kuziharibu zile zilizokuwamo kiwandani. Kipimo kimoja si hukumu. Akaambiwa aache sigara, asijibanze chini ya injini ya moto, na arudi baada ya miezi mitatu, yaani Mfungo Mosi, Idi ikiisha.

Huenda jibu la pili likawa zuri, na kumbe kilichowachelewesha ni jambo jingine ambalo hadubini haikulitaja. Huenda likawa baya vile vile. Mimi sijui, wala wao hawajui. Lakini mke ameniambia kwamba mumewe siku hizi halali na kumgeuzia mgongo. Wanahesabu siku pamoja, yeye na kalenda yake ya hedhi, mume na ya kwake ya sigara. Miaka saba hawakupata kuhesabu kitu kimoja.

Limebaki la mama yake. Bado hajaambiwa, na kifurushi kingine cha dawa za chango kilifika Loki wiki iliyopita, kimefungwa kwa gazeti kama hili. Wameniuliza ni nani atakayekwenda kumweleza. Mimi ndiye niliyetumwa mara ya kwanza kupeleka maneno ya mke wa pili. Nimewaambia nitakwenda mimi, Ijumaa hii baada ya sala.